Risk: kabla hujarusha dadu, jua unavamia kwa ajili ya nini

Watu wengi ninaocheza nao Risk, ule mchezo wa bodi wa kuteka nchi za ramani ya dunia kwa askari na dadu, wanavamia kwa sababu tu askari wapo. Mtu ana nane, jirani ana watatu, basi twende, dadu zinarushwa mpaka anabaki na askari mmojammoja kila nchi alafu analalamika hana bahati. Bahati ipo ndiyo, ila hesabu ya dadu haijifichi: wewe ukirusha tatu mwenzio akarusha mbili, asilimia kama 37 yeye anapoteza askari wawili, 34 mnapoteza mmojammoja, 29 wewe ndo unapoteza wawili. Yaani unamzidi kidogo tu, maana namba zikilingana anashinda anayejilinda. Ukibaki na askari watatu pale unapotokea unaruhusiwa dadu mbili tu, na hapo kibao kinageuka, mara 45 katika 100 unapoteza wawili wewe, yeye mara 23. Kwangu hiyo ni sheria, nikibaki na watatu na mbele yangu kuna wawili au zaidi naacha, hata meza nzima ipige kelele nimalizie.

Mimi navamia kwa sababu tatu tu. Kwanza kadi. Ukiteka nchi hata moja kwenye zamu yako unachukua kadi (zikikamilika seti unazibadilisha upate askari), na ukiteka sita bado ni kadi moja ileile, kwaiyo kama huna mpango mwingine tafuta kanchi kenye askari mmoja, teka, tulia.

Pili kuvunja bonasi, wale askari wa ziada wa anayeshika bara zima. Jamaa akishika Amerika Kaskazini nzima anakula askari 5 wa ziada kila zamu, na huna haja ya kumtoa kwenye nchi zote 9, Greenland peke yake ukitokea Iceland inatosha. Alafu usihangaike kuishikilia! Acha airudishe, ni askari wake hao wanaokufa. Australia ndo sipendi kuigombania kabisa, bonasi yake ni 2 tu na mlango ni mmoja, wa Siam (ndo Thailand hiyo) kwenda Indonesia, kwaiyo wakishakuwa wawili wanang'ang'ania hapo mimi naenda zangu Amerika Kusini.

Tatu ndo tamu: kumtoa mtu mchezoni ili uchukue kadi zake. Hapa ndo watu wanaharibu, wanamfuata mtu kwa hasira bila kuhesabu. Mimi najumlisha askari wake wote, naongeza idadi ya nchi zake kwa sababu kila unapopita lazima uache mtu mmoja nyuma, alafu naongeza watatu wanne wa dadu mbaya. Tuseme mchezaji wa njano kabaki na askari Afrika Mashariki watatu, Kongo mmoja, Afrika Kusini wawili, Madagascar mmoja (ndiyo, kwenye bodi hii Afrika Mashariki ni nchi moja, shirikisho lilishapatikana zamani). Saba, jumlisha nchi nne, jumlisha akiba, kwaiyo pale Misri nataka kama 15. Na njia nayo ni muhimu. Ukitoka Afrika Mashariki ukaruka moja kwa moja mpaka Afrika Kusini, Kongo na Madagascar zinabaki pande mbili na itabidi ugawe jeshi, nusu huku nusu kule, na nusu jeshi ndo linaloishiwa dadu. Pita Kongo, shuka Afrika Kusini, malizia Madagascar, jeshi linakwenda kwa mstari mmoja.

Sasa kama yeye alikuwa na kadi nne na wewe tatu, unafika saba, na sheria inakulazimisha ubadilishe seti hapohapo na zamu bado ni yako. Seti ya kwanza mezani inalipa askari 4, zinazofuata 6, 8, 10, 12, 15, kisha zinapanda kwa tano tano, kwaiyo mwishoni mwishoni mtu mmoja ukimtoa unaweza kupata jeshi la kumtoa na wa pili.

Ila hesabu isipotimia hata kwa askari wawili, usimguse. Angalia nani anacheza baada yako. Ukimwacha wa njano kajificha Madagascar na askari mmoja na kadi zake nne, huyo wa pembeni yako atammaliza kwa dadu chache na kadi zote ulizozitolea jasho anazibeba yeye.