Je, Bao la Kete ni Spoti?

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisini kwetu tumegawanyika. Tunajiandaa kwa michezo ya watumishi wa umma, na wenzetu wa soka na netiboli wanadai kwamba sisi wa bao, drafti na karata hatustahili jezi wala posho ya mazoezi, kwa kuwa "tunakaa tu". Mimi ni mchezaji wa bao. Naomba unieleze ni kitu gani hasa kinachoufanya mchezo uwe spoti, na bao liko upande gani.
Mtumishi, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hoja ya wenzako, kwa kuwa ndiyo inayosikika zaidi na ndiyo iliyo dhaifu zaidi. Jasho peke yake halitoshi kuwa kipimo. Mtu anayelima tangu alfajiri hadi adhuhuri hutoka jasho kuliko wanamichezo wengi, na hakuna aitaye kilimo spoti. Ilhali mlenga shabaha husimama kimya, akabana pumzi na kujitahidi mwili wake usitikisike hata kidogo, na kulenga shabaha kulikuwamo katika Olimpiki tangu ile ya kwanza ya Athens mwaka 1896. Isitoshe, kukaa nako kunaweza kuuchosha mwili kwelikweli. Pambano la ubingwa wa dunia wa sataranji kati ya Anatoly Karpov na Garry Kasparov lilianza Moscow Septemba 1984, likafika mchezo wa 48 bila bingwa kupatikana, na Februari 1985 rais wa shirikisho la kimataifa akalisimamisha. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba Karpov alikuwa amepungua takriban kilo 10.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kingine, nacho ni hiki: je, tendo linaloamua matokeo ni lazima litendwe na mwili wa mchezaji mwenyewe? Mtazame mrusha vishale, ambaye huenda mtakuwa naye katika msafara huohuo. Anajua kwamba ili amalize anahitaji kupiga ishirini ya mara mbili, na kila aliye ukumbini anajua vilevile, lakini kujua huko hakumfai kitu kiwiko kikishuka kidogo wakati wa kuachia kishale. Hawezi kumwambia mwenzake "nirushie pale" kisha akahesabiwa yeye kuwa mshindi.

Sasa jitazame wewe ukiwa mbele ya ubao wenye mashimo 32. Una kete 32, kumi ziko ubaoni tangu mwanzo, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba, lile shimo kuu, na 22 zilizobaki unazinamua, yaani unaziingiza ubaoni, moja baada ya nyingine. Kazi yako kubwa huimaliza kabla ya kugusa shimo: unahesabu kete zitaishia wapi, zitakula nini, uanzie kichwa, yaani shimo la mwisho, cha kulia au cha kushoto, nyumba uitumie sasa au uilinde hadi baadaye. Ukishaamua, mkono wa mtu mwingine ungeweza kuzigawa kete hizo shimo kwa shimo na matokeo yakawa yaleyale. Sheria za sataranji za kimataifa zinalikubali jambo hili waziwazi, kwani mchezaji asiyeona au mwenye ulemavu anaruhusiwa kuwa na msaidizi wa kumsogezea vipande. Watu wamewahi pia kucheza sataranji kwa barua, kila mmoja akiwa katika nchi yake.

Linganisha na bocha, mchezo wa kupeleka mipira karibu na mpira wa shabaha, uliomo katika Paralimpiki tangu mwaka 1984, ambamo wachezaji wenye ulemavu mkubwa hutumia mfereji wa kuteremshia mpira. Msaidizi huusogeza mfereji huo kwa kufuata maelekezo ya mchezaji, lakini hukaa ameupa uwanja kisogo ili asione mpira unakoelekea, na anayeuachia mpira lazima awe mchezaji mwenyewe, hata ikibidi autumie ufito uliofungwa kichwani. Mfano huu naupenda kuliko mingine yote, maana waliotunga kanuni zake walikuwa na kila sababu ya kulegeza, wakalegeza kila kitu isipokuwa mguso huo wa mwisho.

Kwa kipimo hicho, bao ni mchezo wa akili, pamoja na drafti, karata na sataranji, na sioni kwamba kusema hivyo kunaupunguzia hadhi yake. Hata hivyo, wenzako wasishangilie mapema, kwa sababu swali la jezi na posho halijibiwi na asili ya mchezo. Hujibiwa na taasisi, na kila taasisi hutoa jibu kulingana na kazi iliyoundiwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilizitambua rasmi taasisi za dunia za sataranji na za bridge, ule mchezo wa karata, mwaka 1999. Sataranji ikaonyeshwa Sydney mwaka 2000 bila medali, na mwaka 2006 huko Doha ikatolewa medali katika Michezo ya Asia. Lakini chama cha bridge cha Uingereza kilipoishtaki taasisi ya umma ya michezo ya huko kwa kukataa kukitambua, Mahakama Kuu ya London iliamua mwaka 2015 kwamba taasisi hiyo haikukosea, kwa kuwa jukumu lake lilihusu michezo ya mwili. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ikasema, katika shauri la kodi ya ongezeko la thamani, kwamba mchezo ambao nafasi ya mwili ndani yake ni ndogo mno hauwezi kupata msamaha uliowekewa spoti. Mchezo ni uleule, wachezaji ni walewale, na majibu yametofautiana.

Kuvuta kamba kunatoa funzo hilohilo kutoka upande wa pili. Kulikuwamo katika Olimpiki tangu mwaka 1900 hadi 1920, kisha kukaondolewa, na hakuna aliyedai kwamba wavutaji walikuwa wameacha kutumia mwili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usibishane na wenzako kuhusu jasho. Waonyeshe ratiba. Mashindano ya SHIMIWI, yaani ya watumishi wa wizara na idara za serikali, yanaliweka bao pamoja na karata, drafti na vishale katika orodha moja na soka, netiboli na kuvuta kamba, na mwajiri anayepeleka timu amekwisha kuikubali orodha hiyo. Mchezaji aliyeteuliwa kushindana kwa niaba ya ofisi anastahili kile wanachopewa wengine walioteuliwa, nami naona ni dhuluma kumnyima jezi kwa sababu tu ushindi wake hupatikana akiwa ameketi.

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi wasichana hucheza rede, na inachosha kuliko michezo mingi. Kwa nini haihesabiwi kuwa spoti shuleni?
Mwanafunzi wa sekondari, Morogoro

JIBU: Mwanangu, kwa upande wa mwili rede haina deni kwa mtu yeyote. Aliye katikati huukwepa mpira unaotoka mbele na nyuma, na katika aina mojawapo hulazimika pia kuinama na kujaza mchanga katika chupa huku warushaji wawili wakimwinda. Hapo kuna wepesi, shabaha na uamuzi wa haraka. Kinachokosekana ni makubaliano. Umbali kati ya warushaji, ukubwa wa mpira, idadi ya wachezaji na hata njia ya kuhesabu pointi hubadilika kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, kwa hiyo shule mbili zikikutana zitatumia nusu ya muda kupatana.

Kabaddi ya India ilipitia hali hiyo. Ulikuwa mchezo wa vijijini wenye aina nyingi, ukaonyeshwa Berlin mwaka 1936, na baada ya kanuni kuunganishwa ukaingia katika Michezo ya Asia ya Beijing mwaka 1990. Leo kila timu ina wachezaji saba uwanjani, uwanja wa wanaume una urefu wa mita 13 na upana wa mita 10, na mvamizi, yaani anayeingia upande wa wapinzani kuwagusa, ana sekunde 30. Kanuni hizo ndizo zilizowawezesha Wakenya kushiriki Kombe la Dunia la mwaka 2016 huko Ahmedabad bila kulazimika kwanza kujifunza desturi za kijiji fulani cha India. Ninyi mnaweza kuanza na shule tatu za jirani: andikeni kanuni katika ukurasa mmoja, mwombeni mwalimu wa michezo awe mwamuzi, kisha zirekebisheni kila baada ya mashindano.

SWALI: Mwanangu wa kiume anasema mpira wa kwenye kompyuta nao ni spoti. Je, ni kweli?
Mzazi, Mombasa

JIBU: Mzee wangu, kwa kipimo cha mwili kijana ana hoja, maana vidole vyake ndivyo vinavyoamua na hakuna awezaye kumbonyezea, na Michezo ya Asia ya Hangzhou, iliyofanyika mwaka 2023, ilitoa medali za michezo ya kompyuta, mpira ukiwamo. Ninapopata shaka ni kwenye umiliki. Sheria za soka husimamiwa na bodi ya kimataifa iliyoundwa mwaka 1886, na hakuna kampuni inayoweza kuamka asubuhi ikalifuta goli. Mchezo wa kompyuta ni mali ya kampuni, ambayo huweza kuubadilisha kasi, kuuza toleo jipya au kuufunga kabisa. Mkataba kati ya kampuni ya michezo ya kompyuta ya EA na FIFA ulipokwisha, mchezo uliojulikana kwa jina la FIFA kwa takriban miaka 30 ulibadilishwa hata jina mwaka 2023. Ninakubaliana na mwanao kuhusu ustadi wa mikono yake, ila sitauita mchezo wenyewe spoti mpaka kanuni zake ziwe chini ya chombo ambacho wachezaji wana sauti ndani yake.