Usichomelee Springi Kwenye Mpini

Juzi hapa Nyakato, Mwanza, nimemkuta kijana anaunda kikwangulio cha sakafu: kapasha flati ba, bapa la chuma laini cha mageti, mpaka ikawa nyekundu, kaizamisha kwenye oili chafu, kisha anaitazama kama bwana harusi. Mdogo wangu, hata ungeizamisha kwenye asali! Chuma hicho kaboni yake ni ndogo mno, hakishiki ugumu. Kikwangulio cha sakafu hakitokani na chuma cha geti.

1. Tafuteni springi bapa ya lori la Fuso kwa wauza skrepa. Kaboni yake ni kama asilimia 0.6. Gusisha grenda: cheche zikichanua kama kichaka, uko sawa. Kata mbali na tundu la katikati, nyufa hujificha hapo.

2. Usichomelee kisu, yaani lile bapa la kukwangulia, kwenye mpini. Hapa nikae kidogo.

Nilipata kazi ya kukwangua rangi kuukuu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Nikaunda vikwangulio viwili usiku mmoja. Oili ilikuwa imeisha, nikazamisha springi kwenye ndoo ya maji. Nikasikia "tii!" Nikajiambia ni mapovu. Sikuipasha tena kupunguza ugumu. Nikaichomelea kwenye bomba, mshono mnene kila upande, na kwa haraka zangu nikaumwagia maji. Nilijiona fundi kweli.

Asubuhi, msukumo wa tatu tu, kisu kikagonga ukingo wa mfereji. Kikakatika kandokando ya mshono, mkato umenyooka kama umepimwa kwa rula, ndani kinameremeta kama sukari. Kipande kikateleza mpaka kwenye gambuti la msimamizi. Akakiokota, akakigeuza. "Fundi, hiki ulinunua au uliokota?" Cha pili hakikufika saa sita. Nilikodi vya mtu, hela yote ikaishia huko.

Jioni mzee aliyenifundisha akaunganisha vipande, akaniuliza nilifanyaje. Nikamsimulia mpaka pale pa ndoo. Akasema, "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "ilikulilia, ukanyamaza." Moto wa kuchomelea ukipoa haraka kwenye springi huacha utepe unaovunjika kama kioo pembeni ya mshono. Na maji yalikuwa yameshaipasua kabla.

3. Kwa hiyo funga kisu kwenye mpini kwa bolti mbili, na matundu yatobolewe kabla ya kuipa ugumu. Ukishaipa ugumu, keekee itakudhihaki.

4. Pasha mpaka sumaku isinase, ongeza kidogo, zamisha kwenye oili ya uvuguvugu. Ing'arishe, kisha siku hiyohiyo ipashe tena kupunguza ugumu, polepole kutokea mgongoni mpaka makali yawe kahawia ikielekea zambarau, nyuzi 260 hadi 280 hivi. Nawajua, hatua hii ndiyo mnairuka mkisikia harufu ya chapati.

5. Ukinoa kwa grenda, chovya kwenye maji kila mara. Bluu ikitokea kwenye makali, hapo umeshalainisha.

Yule wa flati ba hakunisikiliza. Kaipaka rangi nyekundu, kamuuzia mtu wa Igogo. Keshokutwa mteja atarudi nacho kimejikunja, na mimi nitakuwa nimeenda chai.