Ganzi ya mkono: maswali kutoka visiwani na nchi kavu

Mvuvi kaletwa na ndoano ya sangara imezama kiganjani. Jeraha linataka kupasuliwa na kuoshwa, naye ameshakula ugali. Tumlaze usingizi? – Tabibu, Ukerewe

Tumbo limejaa, basi ulale mkono peke yake. Kwa kazi ya nusu saa hivi, tumia ganzi ya mshipani, aliyoibuni August Bier mwaka 1908. Weka kanula (mirija midogo ya kupitishia dawa mshipani) mbili: moja mkono wenye jeraha, nyingine mkono mzima kwa dharura. Inua mkono dakika 3 damu ishuke, kisha jaza turniketi, yaani mkanda wa hewa unaobana mkono, hadi mmHg 100 juu ya presha yake ya juu. Dawa ya ganzi, lignokeini, isizidi miligramu 3 kwa kilo: mtu wa kilo 60 apate 180, yaani mililita 9 za asilimia 2 ukiongeza 27 za maji ya chumvi. Isiwe na adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu. Bupivakeini, dawa nyingine ya ganzi, hapa ni marufuku, huweza kusimamisha moyo. Hata ukimaliza mapema, usilegeze turniketi kabla ya dakika 20, maana dawa yote itakimbilia moyoni na kwenye ubongo kwa mkupuo. Akisema midomo inakufa ganzi au masikio yanavuma, mpe oksijeni mara moja na ujiandae kwa degedege. Na umuulize kwanza kuhusu selimundu, ambayo Kanda ya Ziwa ni nyingi: akiwa nayo, achana na turniketi.

Nimechoma ganzi kwapani vizuri, lakini mgonjwa bado anasikia kisu upande wa kidole gumba, juu ya kifundo. – Mtoa usingizi, Sengerema

Mshipa wa fahamu wa eneo hilo hutengana na wenzake mapema na kupita ndani ya msuli, mbali kidogo na ateri. Kwa ultrasaundi utauona humo uking'aa. Uwekee mililita 5 peke yake. Vuta bomba kabla ya kila mililita 5, ukiona damu sogeza sindano. Subiri dakika 20 kabla ya kusema imeshindikana.

Kwa nini msichome ganzi juu ya mtulinga, si ni haraka zaidi? – Muuguzi, Mwanza

Ni haraka kweli, ila pafu liko chini tu ya sindano. Bila ultrasaundi, tunashauri kwapa.

Mkono wangu utaamka lini? – Mgonjwa, Magu

Ukichomwa kwapani lignokeini yenye adrenalini, baada ya saa 2 hadi 4. Bupivakeini, hata zaidi ya 12. Ufunge mkono shingoni, usikaribie jiko. Kama una plasta na maumivu yanazidi au vidole vinavimba, rudi hospitali usiku huohuo.