Maswali na majibu: Slomo, taa za ukumbini na kamera ya kukodi

Safari hii nimezidiwa na maswali ya slomo, yaani video ya mwendo wa polepole. Yaliyojirudia nimeyatoa, isipokuwa moja ambalo nimelitanguliza kwa makusudi.

Kaka, pole na kazi. Naomba unitajie kamera bora ya slomo. (Dodoma)

Nimeshapoa. Bora kwa kupiga nini? Mechi ya saa 10 jioni? Keki? Msanii anayecheza ufukweni? Swali hili huja kila wiki kama salamu: mtu hajajua anapiga nini, ila ameshajua anataka fremu 240, yaani picha 240 kwa sekunde. Niandikie tena, useme unapiga kitu gani, wapi, saa ngapi na una taa gani.

Nilikodi Sony FX3, nikapiga maharusi wakiingia ukumbini kwa fremu 120. Nyumbani nikakuta mwanga unapandapanda na kushuka. Mwenye kamera anasema kamera ni nzima. Nani mkweli? (Morogoro)

Mwenye kamera. Umeme wetu ni hezi 50, na taa nyingi zinazoutegemea hufifia na kung'aa mara 100 kila sekunde. Jicho halishtuki. Kamera ya fremu 120 inaona, maana kila fremu inadaka kipande tofauti cha mpigo huo. Ukishapunguza kasi, kupepesa nako kunapungua kasi, hadi shangazi wa bibi harusi anauliza kama siku ile umeme ulikuwa unasumbua.

Weka kamera kwenye PAL (mpangilio wa nchi za hezi 50), piga fremu 100, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/100. Hapo kila fremu inameza mpigo mmoja mzima na mwanga unatulia. Kwa fremu 120 shata hiyo haiwezekani, kwa sababu fremu yenyewe inaisha kabla ya moja ya mia ya sekunde. Halafu fremu 100 zikichezwa kwa 25 mwendo unapungua mara 4 kamili, na hakuna mgeni atakayekudai zile fremu 20. Najua mtaniambia kanuni ni shata mara mbili ya fremu, yaani 1/200. Sawa, kwa shata ya 1/100 mkono unaopunga utakuwa na ukungu kidogo. Mimi naupokea ukungu kuliko kupepesa, na mwanga unaoingia ni mara mbili ya ule wa 1/200, kwa hiyo chenga, vile vidoti vya picha ya gizani, zinapungua pia.

Taa za rangi za mapambo na skrini iliyo nyuma ya maharusi zina mpigo wake, hazisikilizi hezi 50. Jenereta nayo ikilemewa inayumba na hesabu yako inayumba nayo. Kwa hiyo fika mapema, mwombe fundi wa mapambo awashe kila kitu, rekodi sekunde 10, uzicheze polepole palepale ukiwa umesimama mbele ya jukwaa. Ukiona mistari au kupepesa, cheza na shata hadi itulie. Ikigoma kabisa, mahali hapo piga kawaida. Wapigaji wa harusi wanaopiga slomo kuanzia kanisani hadi kwenye pilau wanachosha watu.

Nilirekodi hotuba kwa S&Q (sehemu ya slomo kwenye kamera za Sony), sauti haikuingia. Maiki imekufa? (Tanga)

Maiki ni nzima. Sony ikiwa kwenye S&Q hairekodi sauti. Na hotuba ya mzee kwa slomo ilikuwa ya nini?

Kadi yangu imeandikwa 200MB/s, lakini kamera inakataa 4K ya fremu 120. Mbona haina haya? (Mwanza)

Ile namba kubwa ni kasi ya kusoma, yaani unapohamishia kwenye kompyuta. Tafuta herufi V iliyoandikwa kwa udogo. V30 inakuahidi megabaiti 30 za kuandika kwa sekunde, V60 ni 60, V90 ni 90. Sony A7S III kwenye 4K ya fremu 120 ya kawaida, nje ya S&Q, huandika hadi megabiti 280 kwa sekunde. Gawanya kwa 8: megabaiti 35. V30 imeshapitwa. Unapokodi, uliza kadi gani inakuja na kamera, na kama haiji, usiokote ya bei rahisi njiani. Kadi feki haikatai dukani, inakatalia kwenye tukio.

Je, simu inatosha? (Zanzibar)

Juani, ndiyo. iPhone zinapiga fremu 240 za Full HD (ubora wa picha ulio chini ya 4K) tangu iPhone 8 ya 2017. Usiku, hapana.

Nakodi kwa mara ya kwanza. Niangalie nini nisije nikalizwa? (Arusha)

Kwanza jina kamili la kamera. "Sony A7" si jibu. A7S III ina 4K ya fremu 120. A7 IV haina: kwenye 4K inaishia fremu 60, tena kwa kukata kingo, lenzi yako ya milimita 24 inageuka kama ya 36, na chumba kidogo unakipiga ukiwa umeegemea ukuta. Ukitaka fremu 120 kwenye hiyo, unashuka Full HD. Wapo wanaokodi kwa herufi na kushangaa kwa picha.

Pili, siku moja ni nini? Wengine ni saa 24, wengine ni hadi saa 12 jioni, na harusi zetu mnazijua. Andikeni. Andikeni pia nani analipa kamera ikiibwa. Kuacha kitambulisho si mkataba.

Tatu, video ya makabidhiano. Niliwahi kurudisha lenzi, mwenye duka akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha mkwaruzo mwembamba kama unywele pembeni ya kioo. Sikuuweka mimi. Sikuwa na cha kuonyesha, nikalipa. Siku hizi naigeuza mimi mwenyewe dirishani kabla ya kupokea, simu inarekodi, namba ya kamera inasomwa kwa sauti na mhudumu anasikika akisema sawa. Wakinuna, naenda duka jingine.

Na chukua kamera jioni ya siku iliyotangulia, hata kama inakugharimu. Kujifunza menyu mbele ya maharusi ni aibu.

Nipige fremu 25 tu, halafu kompyuta ipunguze kasi? (Kigoma)

Kompyuta itabuni fremu zisizokuwepo. Tazama vidole na miguu inapopishana, vinayeyuka kama siagi. Hapana.

Mteja wa tangazo la juisi anataka fremu 1000, kasikia habari za Phantom, ile kamera ya slomo kali. Nimkubalie? (Dar es Salaam)

Mwulize kwanza tangazo lina sekunde ngapi. Fremu 1000 zikichezwa kwa 25, sekunde moja ya juisi inamwagika sekunde 40. Tangazo zima limeisha na glasi haijajaa. Halafu shata iko kwenye 1/2000, mwanga unaohitajika ni mara 40 ya ule wa 1/50 uliouzoea, na pesa nyingi itaenda kwenye taa kuliko kwenye kamera. Phantom Flex4K hurekodi sekunde chache kwenye kumbukumbu yake ya ndani, kisha mnasubiri ihifadhi, kwa hiyo usiikodi bila mtu anayeiendesha kila siku.

Nunua pakiti mbili za juisi, zimwage uani saa 5 asubuhi kwa fremu 240, mpelekee. Akiridhika, umeokoa bajeti yake na glasi zako.