Jibu kwa mwenye duka la Moshi: kuunga kompyuta na kuziuza zikiwa na macOS

Mkuu, umesema una duka Moshi, unataka kuunga kompyuta za mezani kwa vipuri vya kawaida, uzipige macOS, mfumo endeshi wa kompyuta za Apple (Mac), na kuziuza kwa bei ambayo mwanachuo anaimudu. Unaona hakuna kosa kwa sababu mfumo unaupata kwa Apple wenyewe. Waliotangulia wamekwambia "piga kazi, nani atakufuata Tanzania". Mimi ni fundi, niko Arusha, na nakuomba usiwasikilize.

Biashara hiyohiyo ilishafika mahakamani. Mwaka 2008 kampuni ya Psystar ya Florida, Marekani, ilianza kuuza kompyuta za kuunga zenye Mac OS X (jina la macOS wakati huo), na kila mteja alipewa diski halali ya mfumo ambayo haijafunguliwa. Walitetea hivi: tumenunua, ni mali yetu, tunaiuza. Apple wakawashtaki mwaka huohuo huko California.

Hapa tulia kidogo. Jaji William Alsup hakuishia kwenye ile diski ya mteja. Alitaka kujua mfumo uliomo ndani ya mashine umetoka wapi. Psystar walikuwa wanaupiga kwenye Mac mini moja, wanauhamishia kwenye kompyuta isiyo ya Apple na kuurekebisha ukubali kuwaka humo, halafu wanaunakili kutoka hapo kwenda kwenye mashine zote za kuuza. Kwa hiyo kila mashine ilibeba nakala mpya ambayo Apple, wenye programu, hawakuiruhusu. Ukinunua nakala unaweza kuiuza hiyohiyo. Kuzalisha nyingine ni haki ya mwenye programu. Tena walikuwa wameubadilisha mfumo na kuruka kinga iliyowekwa ndani yake. Wakashindwa Novemba 2009, Desemba wakapigwa zuio la kudumu, na rufaa yao ikagonga mwamba 2011.

Sasa jiulize wewe utafanyaje. Fundi gani anakaa kupiga mfumo mashine moja moja? Unaandaa moja, unaihamishia kwa nyingine. Na wewe huna hata diski ya kumwonyesha jaji: macOS ya siku hizi inapakuliwa bure, na leseni yake inaruhusu kompyuta za Apple tu.

Kuna aliyeandika kwamba hakimiliki ni ya vitabu na nyimbo. Hoja hiyo ni ya zamani. Kampuni ya Franklin ya Marekani, waliotengeneza kompyuta ya ACE 100 iendane na Apple II, waliitumia mahakamani waliposhtakiwa na Apple: mfumo endeshi ni njia tu ya kuendesha mashine, na kilichochomwa kwenye chipu ya ROM (kumbukumbu ya kudumu ya mashine) si maandishi. Ila ndani ya programu zao lilikutwa jina la James Huston, mwandishi wa programu wa Apple, na neno "Applesoft". Walikuwa wamenakili mpaka jina la mtu. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ikasema mfumo endeshi unalindwa kama programu nyingine yoyote, uwe kwenye diski au kwenye ROM. Na hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa.

Kuunga mashine si dhambi. Compaq waliiga kompyuta ya IBM, lakini BIOS, programu ndogo inayoiwasha mashine, waliiandika upya: waliosoma ya IBM walieleza tu inafanya nini, wakaandika wengine ambao hawajawahi kuiona. IBM hawakuwa na cha kuwadai.

Kinachoniuma zaidi ni mteja. Aliwahi kuniletea mashine kijana wa studio ya muziki hapa Arusha. Kabla haijafa, kwenye skrini ilikuwa inajitambulisha kama iMac Pro; nikafungua kava, ndani motherboard ya kawaida ya gemu. Alikubali apdeti usiku, asubuhi ikaganda kwenye mstari wa kuwakia. Kazi za wateja wake zote zilikuwa humo. Nilichomoa diski nikaisomea kwenye Mac halisi, tukaziokoa. Aliyemuuzia alimjibu kwa simu, "Nani alikwambia uapdeti?" Yule dogo hakujua kabisa kwamba amenunua kitu ambacho hakuna wa kukihudumia, na risiti ilisema Mac.

Halafu hata kibiashara unapanda treni inayofika mwisho. Apple walitangaza 2025 kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, na hizo mashine zako za kuunga zinawaka na macOS kwa kujifanya Mac za Intel.

Anayetaka Mac muuzie Mac ya mtumba, umwambie ukweli kuhusu umri wake. Hizo za kuunga zipige Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, au Windows yenye leseni na uiweke kwenye bei. Weka hapa bajeti yako na kazi za wateja wako, nitakusaidia kuchagua vipuri.