Bendera Zipi Kwenye Boti, na Zikae Wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa hapa Lubumbashi. Nimenunua boti ya faiba yenye urefu wa mita sita, na tumeiweka Kilwa kwenye Ziwa Moero, kwa kuvua samaki siku za mapumziko na kwa kuwatembelea wakwe zangu wa Nchelenge, upande wa Zambia. Katika sanduku la boti nilikuta bendera za mwenyewe wa zamani: moja ya Kongo yenye nyota ndogo sita, moja ya Zambia na moja ya TP Mazembe. Kijana wangu ameongeza ile ya Katanga yenye misalaba mitatu ya shaba, akidai kwamba ni urithi wetu. Shemeji yangu anasema nikizipandisha zote nitajitafutia matatizo. Utaratibu ukoje, na je, jioni ni lazima kuzishusha? (Papa J., Kamalondo)

JIBU: Papa, shemeji yako amesema kweli, ingawa bendera hizo nne hazina uzito mmoja.

Tuanze na ile ya taifa, kwa kuwa nyingine zote hupangwa kwa kuifuata. Bendera inayopepea nyuma, kwenye tezi, hutaja nchi ambamo chombo kimeandikishwa, hata kama mwenye chombo ni raia wa nchi nyingine. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unasema katika kifungu cha 92 kwamba meli husafiri chini ya bendera ya nchi moja tu, na kwamba inayobadilisha bendera mbili kwa kadiri inavyoifaa huweza kuhesabiwa kuwa haina utaifa. Mkataba huo uliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini desturi yake imewafuata watu hadi kwenye maziwa, na askari wa mpakani anayeitazama boti yako kwa mbali huisoma kwa desturi hiyohiyo.

Ile yenye nyota ndogo sita uikunje na uiweke nyumbani. Ilikuwa bendera ya nchi kuanzia 1997 hadi Februari 2006, ilipopitishwa ya sasa ya rangi ya samawati, yenye nyota ya manjano na mshazari mwekundu wenye kingo za manjano. Nunua mpya, na unapoifunga hakikisha kwamba nyota iko juu, upande wa kijiti cha bendera. Wengi huifunga haraka alfajiri, injini ikiwa imeshaanza kunguruma, na nyota hujikuta chini. Baharini bendera iliyopinduliwa imezoeleka kusomwa kama ombi la msaada. Kuhusu ukubwa, kipimo cha Wamarekani kinafaa: kwa boti ya mita sita, bendera ya nyuma iwe na urefu wa sentimeta 50 hivi, na ya nchi mwenyeji sentimeta 30 hivi.

Ya Zambia ni ya heshima kwa mwenyeji. Ipandishe ukiwa katika maji yao, baada ya kumaliza taratibu za kuingia, na uishushe unaporudi. Chombo chenye mlingoti huiweka upande wa kulia wa mlingoti huo. Boti yako, ambayo nadhani haina mlingoti, itaiweka kwenye kijiti cha mbele. Tai awe juu, na mistari mitatu, mwekundu, mweusi na wa rangi ya chungwa, iwe mbali na kijiti. Usizifunge bendera za nchi mbili kwenye kamba moja, ya juu na ya chini, kwa sababu wakati wa amani hakuna taifa linalowekwa juu ya jingine, na kosa hilo huudhi kuliko kukosa bendera kabisa. Vivyo hivyo kwa kitambaa kilichopauka na kuchanika: wakwe zako watakuvumilia, lakini afisa wa gatini huenda akaona unaidharau nchi yake.

Ya Mazembe haina neno, mradi isikae nyuma wala isichukue nafasi ya mwenyeji.

Sasa ya kijana wako. Bendera hiyo nyekundu, kijani na nyeupe ilikuwa ya Katanga iliyojitenga tarehe 11 Julai 1960 hadi Januari 1963. Misalaba yenyewe ni ya kale kuliko siasa hiyo, kwa kuwa mababu waliitumia kama fedha katika biashara, na hakuna anayekukataza kutundika wa shaba sebuleni. Lakini tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji waliodai kujitenga waliingia katika jiji letu hili wakiwa na bendera hiyohiyo, watu wakauawa, na wengi wetu bado tunaikumbuka siku ile. Nyumbani mgeni atamwuliza kijana anamaanisha nini, naye ataeleza kuhusu urithi. Ziwani, katikati ya mpaka, mwenye darubini na bunduki hana wa kumwuliza. Mimi nisingeipandisha kwenye boti hiyo hata kwa dakika tano za kupiga picha.

Kijana asidhani kwamba jambo hili ni la Kongo peke yake. Wako Waskoti wanaopenda kuweka nyuma ya boti zao bendera yao ya bluu yenye msalaba mweupe wa mshazari. Sheria ya Uingereza inataka hapo ile nyekundu ya meli za kiraia, na zaidi ya hayo, katika alama za kimataifa za baharini msalaba huo ni herufi M, inayosema kwamba chombo kimesimama na hakiendi. Mtu anajivunia nchi yake, kumbe wanaomwona wanaambiwa injini imezimwa.

Kuhusu jioni: chombo kikiwa kimefungwa gatini, desturi ni kupandisha saa mbili asubuhi na kushusha jua linapozama. Ya taifa hupanda kwanza na kushuka mwisho. Na kwa kuwa boti yako hubaki Kilwa wiki nzima wewe ukiwa Lubumbashi, mwambie mlinzi asiiache bendera yoyote juu wakati hakuna mtu wa familia ndani ya boti.