Jibu: Usiwaguse hao swala

Pole sana ndugu. Swala wawili wamekufa kando ya ua wa mbuga, damu nyeusi puani, ng'ombe wako wanalisha papo hapo, na vijana wanadai nyama. Mimi nafuga Barut, jirani na mbuga ya Ziwa Nakuru. Mwaka 2015 kimeta (anthrax, ugonjwa wa bakteria unaoua wanyama na watu) kiliua nyati wengi humo mbugani, na dalili yake ni damu isiyoganda, kwa hiyo habari yako hainipi usingizi.

Msiwapasue kabisa. Mzoga ukifunguliwa, bakteria hukutana na hewa na kujigeuza mbegu ngumu zinazokaa udongoni miongo kadhaa, halafu swala na ng'ombe wa kesho wanazila na nyasi. Fukuza mbwa, funika kwa turubai, pigia KWS (Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya) na ofisi ya mifugo ya kaunti. Wao ndio wachome au wazike.

Ng'ombe hamisha leo. Chanjo ya kimeta ni ya kila mwaka, ila mwambie daktari wa mifugo kama uliwadunga antibiotiki juzi, maana chanjo yenyewe ni bakteria hai waliodhoofishwa na dawa huwaua.

Kuna aliyewashika hao swala? Akiota kidonda chenye kigaga cheusi kisichouma, au homa, aende hospitali siku hiyo hiyo na ataje mzoga. Jirani yangu alipaka mafuta siku tatu kwanza. Ujinga mtupu.